Ramani zilizotoka mbali zipimwe upya kwenye vilima vya Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja kuhusu kazi ya ubunifu majengo. Vijana wengi wa Kanda ya Ziwa wanaomaliza kidato cha sita wanaitamani kazi hii kwa sababu inavuka mipaka: mtu anasoma nchi moja, anachora majengo nchi ya pili, anapanga mji nchi ya tatu, na siku hizi anaweza hata kutengeneza programu za kompyuta zinazotumiwa kote duniani. Ndoto hiyo inawezekana na wapo walioifikia. Ila wazazi, vijana na hata baadhi ya viongozi wetu wanaisoma vibaya. Wanadhani mbunifu wa kimataifa ni yule anayebeba michoro mizuri kutoka ng'ambo. Ukifuatilia kazi za wabunifu hao utaona kwamba kilichowafikisha mbali ni tabia ya kufika mahali wasipopajua na kupima kila kitu upya kabla ya kuchora. Na walipoacha kupima, walikosea sawasawa na sisi.

Mfano ulio karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani ni wa Ernst May, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1886. Alisomea Uingereza na Ujerumani, akafanya kazi chini ya Raymond Unwin, bingwa wa miji ya bustani, na kuanzia 1925 hadi 1930 akaongoza idara ya ujenzi ya jiji la Frankfurt. Katika miaka hiyo mitano zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000, baadhi kwa mabamba ya zege yaliyotengenezwa kiwandani na kuinuliwa kwa winchi hadi mahali pake. Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti na kundi la wataalamu wenzake kupanga miji ya viwanda. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Huko aliendelea hadi mwisho wa 1953, akiwa amepanga upanuzi wa Kampala kati ya 1945 na 1947, amechora Makumbusho ya Uganda na, hapa hapa kwenye mwambao wa ziwa letu, shule ya wasichana ya Aga Khan mjini Kisumu. Alifariki Hamburg mwaka 1970. Ubunifu, mipango miji na teknolojia, vyote katika maisha ya mtu mmoja.

Tuangalie jiko. Nyumba za Frankfurt zilisifika kwa jiko lililobuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke aliyekuwa katika timu ya May. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Vipimo hivyo havikutoka hewani. Mpishi alihesabiwa hatua na kupimwa kwa saa: kutoka kwenye sinki hadi kwenye moto, kutoka kwenye moto hadi mlango wa chumba cha kulia. Jiko lilikuwa la mtu mmoja, gesi ikiwa imeungwa tayari, na droo za unga, mchele na sukari zilikuwa mahali mkono unapofika.

Sasa chukua ramani nyingi za nyumba zinazouzwa mtandaoni. Zimerithi jiko dogo la ndani bila kurithi saa wala hesabu ya hatua. Mwanza watu wawili au watatu hupika pamoja, mmoja ameketi kwenye kigoda anachambua dagaa au anakuna nazi, mwingine anasonga ugali kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa. Anayesonga anahitaji nafasi ya kusimama miguu ikiwa imepanuka na mwiko uzunguke. Mkaa unahitaji tundu la moshi juu, karibu na dari, na hewa ya kuingia chini. Sangara anaparwa magamba nje, maji yake yanahitaji mtaro. Jiko la mita 2.4 kwa 2.4 lililobanwa katikati ya nyumba halikidhi hata moja kati ya hayo. Matokeo yake kila mtu anayajua: jiko la ndani linageuka stoo, na mapishi yanahamia kwenye baraza ya nyuma ambayo mchoraji hakuiwekea paa. Anayetaka kurekebisha asianze na kompyuta. Akae siku moja nyuma ya nyumba tatu tofauti na futi kamba, apime wapishi wanavyokaa na wanavyopishana, ndipo achore.

Upande wa mipango miji, historia ya May ina fundisho chungu zaidi. Alipofika Magnitogorsk, mji wa kiwanda cha chuma, alikuta ujenzi umeshaanza kabla mpango haujakamilika, na ikambidi aupinde mpango ufuate kilichokwisha kuota ardhini. Kampala alipanga barabara na makazi yakifuata umbo la vilima, jambo la busara, lakini mpango huo huo uligawa makazi kwa rangi za watu, Waafrika upande wao na Wazungu upande wao. Ufundi wa kusoma mlima haukumzuia kukubali dhuluma ya wakati wake. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu kijana anayemsoma May anatakiwa kuchukua kipimo cha mwinuko na kuukataa mgawanyo ule.

Mwanza tuna mpango kabambe wa 2015 hadi 2035, nao wataalamu kutoka Singapore walishiriki kuuandaa. Lakini vilima vya Mabatini, Igogo, Isamilo na Kitangiri vilikuwa na nyumba siku nyingi kabla ya karatasi hiyo. Ndiyo Magnitogorsk yetu. Kazi ya mpangaji hapa ni kupima kilichopo, nyumba kwa nyumba na jiwe kwa jiwe, na hapo ndipo teknolojia inaposaidia au kuharibu.

Kosa la kwanza linaanzia kwenye viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali pa kitu kwenye ramani. Ramani nyingi za zamani za upimaji nchini zipo katika mfumo wa Arc 1960, na Mwanza ipo katika kanda ya 36 kusini. Simu, droni na picha za setilaiti zinatumia mfumo wa WGS84. Ukichukua namba za bikoni (alama za mpaka wa kiwanja) kutoka kwenye mchoro wa zamani ukaziweka kwenye programu bila kuieleza ni za mfumo gani, kiwanja kinahama mita zipatazo 300 kaskazini au kusini na zipatazo 80 mashariki au magharibi. Kwa Capri Point hiyo inatosha kukitumbukiza kiwanja ziwani. Kosa kubwa kiasi hicho linaonekana, linasahihishwa. Linaloumiza ni pale mtu "anaposogeza kwa macho" mpaka mchoro ufanane na picha, kisha anaendelea na kazi. Anabakiwa na kosa la mita mbili tatu ambalo halionekani, na hizo ndizo mita za mpaka wa jirani. Dawa ni rahisi: kila mchoro uandikwe pembeni jina la mfumo na kanda, na kabla ya kazi mpima ardhi akague angalau bikoni mbili zinazojulikana uwanjani. Programu ya bure kama QGIS inabadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine kwa dakika chache, mradi umeieleza ukweli.

Kosa la pili ni miinuko. Data ya setilaiti inayopatikana bure ina kimo kimoja tu kwa kila mraba wa mita 30 kwa 30. Kwenye mteremko wa moja kwa tatu, ulio wa kawaida kabisa Mabatini, ardhi hushuka mita 10 ndani ya mraba huo mmoja. Jabali lenye ukubwa wa nyumba halionekani kabisa. Halafu programu kwa utiifu wake inachora mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) kila mita moja, mizuri, laini, na mteja anaamini. Mistari ile imekisiwa. Msingi uliochorwa juu yake utakuta jiwe pale palipotarajiwa udongo, na shimo pale palipotarajiwa uwanda.

Droni inasaidia sana, na Mwanza si wageni nayo. Mwaka 2018 jiji lilikuwa mwenyeji wa mkutano wa droni ulioitwa Lake Victoria Challenge, droni zikarushwa kuvuka maji hadi Kisiwa cha Juma. Lakini kupima kilima kwa droni kuna masharti yake mbali ya kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kila picha irudie asilimia 75 hadi 80 ya eneo la picha iliyotangulia. Alama za chini zilizopimwa kwa GPS ya kitaalamu zisipungue tano, na lazima moja iwe kileleni na nyingine bondeni; zikiwekwa zote barabarani chini, kilele kitapinda. Rubani anayerukia bondeni na kupanga kimo cha mita 80 atajikuta juu ya kilima cha mita 60 ana mita 20 tu chini yake: picha hazirudiani tena vya kutosha, na matokeo yanakuwa na matundu sehemu ile ile iliyo ngumu zaidi. Njia zake za kuruka zipande na kushuka pamoja na mlima. Na droni huona paa na kilele cha mwembe, haioni ardhi iliyo chini yake. Kimo kinachotolewa na GPS nacho hupishana kwa mita kadhaa na kimo cha juu ya usawa wa bahari kilichoandikwa kwenye ramani zetu, wakati kwenye mfereji wa maji machafu hata sentimita kumi ni nyingi.

Kwa hiyo, kwa kiwanja kimoja, bado naamini mpira wa maji wa fundi. Mpira mwangavu wa mita 15, maji yasiyo na povu ndani yanayokaa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili, miti miwili iliyowekwa alama za sentimita. Watu wawili wanapima kimo kila baada ya mita mbili katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, na asubuhi moja inatosha. Maji hayadanganyi isipokuwa kama kuna hewa kwenye mpira au upande mmoja umechomwa na jua na mwingine upo kivulini.

Sasa mawe, ambayo ndiyo yaliyoipa Mwanza sifa. Majabali yetu ni ya matale, na mengi ni mviringo kwa sababu mwamba ulioza pembezoni mwa nyufa kwa muda mrefu sana, vikabaki viini vigumu ndani ya changarawe iliyolegea. Maana yake kwa mjenzi ni hii: sururu ikigonga jiwe kwenye kina cha mita moja, hujui kama umefika kwenye mwamba mama au umegonga kiini kinachoelea. Msingi uliokalia nusu jiwe na nusu changarawe utatitia upande mmoja tu. Ufa wake unatambulika: unaanzia kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari kufuata viungo vya tofali, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake kutegemea upande unaozama. Kuuziba kwa saruji hakusaidii, mwaka unaofuata unafunguka pale pale.

Cha kufanya ni kutoboa kwa mtalimbo au nondo nene angalau kila baada ya mita mbili kwenye mstari wa msingi, na kuandika kina kilichofikiwa kwenye mchoro. Kama mwamba upo karibu kila mahali, shusha msingi wote hadi juu yake kwa ngazi, kila ngazi ikiwa imelala bapa; usimwage zege kwenye jiwe lililoinama maana litateleza. Pale jiwe linapoinama, toboa matundu ya kina cha sentimita 30, pachika nondo za milimita 16 kwa saruji nzito isiyonywea, kila sentimita 60, ndipo umwage zege. Kama jiwe linajitokeza sehemu moja tu ya kiwanja, ni nafuu kulikata likashuka sentimita 30 chini ya msingi na kujaza mchanga ulioshindiliwa, ili nyumba yote ikalie kitu cha aina moja. Au uhamishe nyumba. Mbunifu mzuri huliacha jabali kubwa libaki uani, likawa ukuta na kivuli, kuliko kulipasua kwa gharama inayokula bati za paa zima.

Ukuta wa kuzuia udongo ndio unaoua watu, kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu kidogo. Kuta nyingi huanguka mvua inaponyesha, na watu husema udongo umesukuma. Mara nyingi kilichosukuma ni maji. Maji yaliyojaa nyuma ya ukuta wa kimo cha mita 2 husukuma kwa nguvu ya tani 2 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta, juu ya msukumo wa udongo wenyewe. Ukuta wa mawe na saruji wa kimo hicho unahitaji kitako cha mita 1 hadi 1.2, ukisinyaa hadi sentimita 40 juu. Nyuma yake ijazwe kokoto au mawe madogo unene wa sentimita 30 kutoka chini hadi karibu na juu. Mabomba ya milimita 75 yapenye ukuta kila mita moja na nusu, yakiinama kidogo kuelekea nje, na mdomo wa ndani uzibwe kwa kokoto kubwa ili mchanga usiingie. Nimetaja mambo yanayoachwa mara nyingi zaidi: mabomba huachwa kwa sababu yanaharibu sura, na kokoto huachwa kwa sababu udongo uliochimbwa upo pale pale bure. Ukuta unaozidi mita 2 uchorwe na mhandisi.

Maji hayo yanatoka wapi? Mvua ya milimita 50 kwa saa juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Nyumba kumi zinazomwaga kwenye kichochoro kimoja ni lita 50,000 kwa saa, karibu lita 14 kila sekunde. Mtaro wa sentimita 30 unayabeba bila shida kilimani. Shida ni mwendo: yanashuka kwa kasi, yanakwangua sakafu ya mtaro, yanabeba changarawe, na yanapofika bondeni ardhi inapolala yanapunguza mwendo na kuutua mzigo wote. Ndiyo sababu mitaro ya chini inayoelekea Mto Mirongo huziba hata baada ya kusafishwa. Mtaro wa kilimani ujengwe kwa ngazi za mawe ili maji yavunjike nguvu kila hatua, na chini uwe na kisima cha kunasa mchanga kinachofikiwa na mtu mwenye koleo. Ramani ya nyumba inayoonyesha mifereji ya paa bila kuonyesha maji yanaishia wapi haijakamilika.

Hapa ndipo ningependa nitaje teknolojia iliyosafiri vizuri. Miaka ya mwanzo ya 1980, katika mji wa Natal huko Brazili, wahandisi walianza kupitisha mabomba ya maji taka ya kipenyo cha milimita 100 kwenye nyua za watu, kwa kina kifupi, badala ya kuchimba barabara kwa mabomba makubwa. Nyumba kadhaa ziliungana kama kikundi kimoja na kukubaliana bomba lipite wapi. Mteremko mdogo wa milimita 5 kwa kila mita ulitosha. Mfumo wa aina hiyo umejengwa pia Mwanza kwenye vilima kama Igogo, Mabatini na Kilimahewa, maeneo ambako gari la kunyonya vyoo haliwezi kupanda, na maji taka ya jiji huishia kwenye mabwawa ya Butuja.

Lakini ona kilichobidi kubadilika. Natal nyumba zimekaa kwenye vitalu vilivyonyooka. Kwetu nyumba zimefuata nafasi kati ya majabali, kwa hiyo bomba linakubaliwa mlango kwa mlango, na mjumbe wa mtaa ana kazi kubwa kuliko mhandisi. Huko tatizo lilikuwa mteremko mdogo, huku ni mkubwa mno: lazima kuwe na chemba za kushusha maji kwa hatua, na bomba linalopita juu ya jiwe lisiloweza kuchimbwa lifungwe kwa vibanio na kufunikwa kwa zege, maana plastiki iliyoachwa juani hukakamaa na kupasuka ikikanyagwa. Nyumba inayotumia kopo la maji chooni inapitisha maji machache, kwa hiyo maji ya kuogea na kufulia nayo yaingie humo ili yasukume uchafu. Maji ya mvua yasiingie hata kidogo. Mtu mmoja akiunga mfereji wa paa lake kwenye chemba, mchanga unaingia, na mvua ya kwanza ya vuli chemba ya jirani wa chini inafurika ndani ya ua wake. Anayefikiwa na uchafu siye aliyekosea, na ugomvi wake ni mkubwa. Mfumo ulifika kwa sababu wazo lake lilihesabiwa upya kwa mlima huu.

Jua nalo lipimwe. Vitabu vya Ulaya vinafundisha kuelekeza sebule kusini ili ipate joto. Mwanza ipo nyuzi 2 na nusu kusini ya ikweta: mwezi Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini. Kwa dirisha la kimo cha mita 1.2 lililo chini kabisa ya paa, kivuli kamili wakati jua limefika juu kabisa mwezi Juni kinataka paa litokeze sentimita 58 upande wa kaskazini; mwezi Desemba sentimita 46 upande wa kusini. Ukiweka sentimita 90 pande zote mbili umeokoa na saa za kabla na baada. Upande wa magharibi hesabu hiyo inavunjika. Kama saa kumi na moja kasoro robo jioni jua huwa nyuzi 30 juu ya upeo, na dirisha lile lile lingehitaji paa la mita 2. Magharibi weka choo, stoo, ngazi, au baraza pana yenye mti. Anayetumia programu ya kuonyesha vivuli akumbuke pia kwamba saa yetu inafuata nyuzi 45 mashariki wakati sisi tuko karibu na 33, kwa hiyo jua la Mwanza hufika juu kabisa yapata saa 6:48 mchana. Programu iliyoachwa kwenye mji iliyowekewa kiwandani itachora kivuli cha kwingine. Upepo wa kupoza nyumba mchana hutoka ziwani na usiku hugeuka kutoka nchi kavu, kama mvuvi yeyote wa Kirumba atakavyokueleza, basi madirisha yatazamane.

Kuhusu paa, kazi ya Francis Kéré inastahili kusomwa na kila kijana. Alizaliwa Gando, Burkina Faso, akaanza kama seremala, akaenda kusoma Berlin, na shule ya msingi aliyoijenga kijijini kwake ilikamilika mwaka 2001, yeye bado mwanafunzi. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya ubunifu majengo duniani. Paa la bati la shule ile limeinuliwa juu ya dari ya matofali ya udongo, hewa moto inapita katikati, na kenchi zake ni nondo za kawaida zilizochomelewa na mafundi wa pale pale. Wazo hilo linafaa sana kwetu tunaochemka chini ya bati. Ila tusilihamishe lilivyo. Dhoruba za ziwa huingia chini ya paa lililoinuliwa na kulinyanyua kama tanga, kwa hiyo nondo za milimita 8 zitokeze kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) na kufungwa kwenye kila kenchi, na misumari ya kawaida isiachiwe kazi hiyo peke yake. Mkulima wa Gando hana dhoruba ya ziwa, mkazi wa Igombe anayo.

Na tusiwasahau wa kwetu. Beda Amuli alisoma Haifa, Israeli, akarudi na kufungua ofisi yake Dar es Salaam, na soko la Kariakoo alilolichora katika miaka ya 1970 lina paa la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua. Wapimaji wa Mwanza wanaojenga karibu na maji wangefaidika na uangalifu wa namna hiyo: sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini ukingo wenyewe hutembea. Mvua za kuanzia 1961 hadi 1964 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 maji yalifikia tena kiwango hicho cha juu. Pima mita 60 kutoka alama ya juu kabisa ya maji iliyobaki kwenye mawe, usipime kutoka mahali mtumbwi ulipoegeshwa leo.

Ombi langu kwa halmashauri zetu mbili, Nyamagana na Ilemela, ni dogo. Ombi la kibali cha ujenzi kilimani lije na karatasi moja ya ziada: vimo vilivyopimwa kiwanjani, jina la mfumo wa viwianishi, kina cha mwamba kwenye mstari wa msingi, na mstari unaoonyesha maji ya mvua yanavyotoka kwenye paa hadi mtaro wa umma. Picha za rangi za nyumba zinaweza kubaki, ila zisipokelewe badala ya karatasi hiyo. Kwa mzazi anayeuliza mtoto aanze na nini kabla ya chuo: hesabu, jiografia na kuchora kwa mkono, na likizo moja akishika mwisho wa mpira wa maji wa fundi.

Wako,
Mbunifu majengo,
Isamilo, Mwanza.